Mguu wa Kalenga

Kamalondo, Lubumbashi, tarehe 9 Agosti 1976

Yaya na mkubwa wangu Ngosa,

Amani iwe nyumbani mwako huko Kasomeno. Mgongo wako unaendeleaje, na muhogo mmeshauchimba? Sisi hapa tunaamka salama. Mwanangu Bijou amepona surua, anakula tena. Nakusalimu kwa heshima, yaya, lakini nisikudanganye: ninaandika kwa hasira, na wewe umo ndani yake.

Unakumbuka ulivyokuja kwa lori mwezi wa tatu, ukoo wa mume wangu ulipotuita. Kidole cha mguu wa Kalenga kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Dada yake Chola akasema mbele ya watu wote kwamba mimi ni mchawi, ninamla kaka yake polepole, kuanzia chini. Kalenga aliinamisha kichwa, akawaacha waendelee. Nawe ulinivuta pembeni ukanishauri niombe msamaha hata kama sikufanya kitu, ili ndoa isivunjike. Nilikataa. Wakanifukuza na watoto, nikaja kupanga chumba hiki, na Kalenga wakampeleka kwao Mitwaba kwa mganga, ambaye aliuchanja mguu ule ule na kuufunga majani ya moto.

Aliporudishwa mjini, harufu ya mguu ilimtangulia mlangoni. Wakamlaza hospitalini. Chola alichoka kumhudumia baada ya siku chache tu, akaja kunigongea, akasema mume ni wangu na chakula nipeleke mimi. Nikapeleka, yaya. Mchawi akasonga ugali wa bukari, mgonjwa akala.

Daktari mpasuaji alinionyesha picha ya mguu. Mishipa ya damu ilionekana myeupe, kama mifupa mingine myembamba kando ya mfupa. Alinieleza kwamba sukari katika damu na sigara za miaka mingi zimeigeuza chokaa, damu haipiti. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwaka mzima, tukitoka misa, Kalenga alikuwa akisimama mbele ya kila fundi cherehani. Nilidhani anatamani suti mpya ya abakosti. Kumbe alikuwa anangoja maumivu ya mguu yatulie.

Walijaribu kuchukua mshipa wa mguu mwingine, ule mzima, ili kuipitishia damu njia nyingine. Daktari alitoka amechoka, akaniambia kwamba mshipa wa mguu mgonjwa ulipasuka chini ya sindano kama ganda la yai, hapakuwa na mahali pa kushona. Baada ya siku mbili wakaukata mguu juu ya goti.

Sasa sikiliza neno lililonifanya niandike. Juma lililopita daktari alipopita kuwatazama wagonjwa, alimkemea Kalenga mbele yangu. Alisema alimweleza ugonjwa huu mwaka jana, akamwamuru aache sigara, anywe dawa ya sukari na arudi kila mwezi, naye hakurudi hata mara moja. Nilimtazama mume wangu. Aligeukia ukuta. Daktari alipoondoka, alisema taratibu:

“Nilijua, Mwape. Niliogopa batanitosha ku kazi, batanifukuza.”

Nikamuuliza kuhusu siku ile ya mkutano, niliposimamishwa kama mwizi na yeye amekaa kitini. Akajibu kwamba aliona heri watu waniogope mimi kuliko wamhurumie yeye.

Niliiweka sahani chini nikaondoka. Sijarudi.

Sisemi mguu ungepona. Daktari mwenyewe hakuweza kuapa. Alisema mishipa iliyokwisha kuwa migumu hivyo huwashinda madaktari hata huko Ulaya. Mguu nimemsamehe. Lakini aliujua ugonjwa wake kwa jina, akaacha mimi niitwe jina lile mbele ya watoto wangu.

Ametuma watu wawili kuniomba nirudi. Nimewaambia auite tena ukoo wote, aseme kwa kinywa chake. Amejibu kwamba nimwache kwanza apone. Nimemrudishia kwamba kilichokatwa ni mguu, si ulimi.

Nawe yaya, panda lori uje. Usiniletee unga wala samaki. Nataka ukae pale pale ulipokaa siku ile, na safari hii uzungumze kwa sauti.

Wasalimie shemeji na watoto, na mama mkubwa umshikie mikono yote miwili kwa ajili yangu. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Mwape, ambaye wewe bado unamwita Edith, jina la ubatizo