Kompyuta Iliyogawanywa Kama Nyama

Mtaa wa Tena, Nairobi
Alhamisi jioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wajukuu wako. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka bado ipo, au umempa tena mjomba Ndolo? Sisi huku ni wazima wa mwili, lakini moyoni, mama, nimechoka mimi!

Unakumbuka nilikuambia kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kitanunua kompyuta ya kuchapa programu za mazishi na kadi za harusi, na mchapaji ningekuwa mimi. Tangu ofisi yetu ifungwe sijapata kazi nyingine, kwa hiyo hilo ndilo tegemeo langu. Basi tukanunua. Lakini mwenyekiti wetu, Adhiambo, kwa kupenda vya bei rahisi, alichagua moja ya zile zinazouzwa nusu: unapewa sanduku na vipande, unamalizia mwenyewe nyumbani. Aliyetuuzia alisema hata mtoto ataweza.

Haya, vipande vikae kwa nani? Hapo wazimu ukaanza, maana hakuna aliyemwamini mwenzake. Kate akasema tugawane kama nyama ya mbuzi, asiwepo wa kuiuza peke yake. Wakakubali, na makofi wakapiga! Kate akabeba skrini, Adhiambo sanduku lenyewe, Nasambu feni na nyaya. Mimi nikapewa memori, kipande chembamba cha kutosha kiganjani. Bila hicho kompyuta haifunguki.

Jumamosi iliyopita tukakutana kuiunganisha, kila mtu na kipande chake, kila mtu na ushauri wake. Zamu yangu ilipofika, memori sina. Nikasema, tena kwa kiapo, kwamba nilimwachia Nasambu nilipokuja huko Pasaka. Nasambu akakana. Adhiambo akaamuru nyumba ya Nasambu ipekuliwe, tukaenda sote, tukamwaga nguo zake kitandani watoto wake wakitazama. Hatukupata kitu. Sasa anaitwa mwizi mpaka mferejini tunapoteka maji, na Jumapili hii kikundi kitapiga kura kumfukuza na kuuza vipande vyote. Kazi yangu nayo ndiyo hiyo imekwenda.

Sasa sikia, na tafadhali usimsomee mtu. Sikupiga simu kwa sababu wewe huweka spika, na mjomba Ndolo hana siri. Leo kifungo cha shati la shule la mtoto kilikatika. Nikatafuta sindano, nikakumbuka ule mkebe wa bluu wa biskuti, wenye nyuzi, niliokuletea Pasaka. Memori niliificha mle, chini ya nyuzi, nimeifunga kwa kitambaa, nikasahau kabisa. Nasambu hajaiba kitu, mama. Ni mimi! Nimekaa chini jikoni nikalia.

Barua hii anakuletea Muoki, mwana wa jirani, anayekuja huko kesho. Ukiipata memori usimpe yeye airudishe. Njoo nayo mwenyewe Jumamosi, hata goti likiuma. Kabla ya kura lazima niende kwa Nasambu kuomba msamaha, na mlango ule siwezi kuubisha bila mzazi kando yangu.

Msalimie baba na wote wa boma. Mjomba Ndolo mwambie tu hatujambo.

Mwanao anayekungoja,
Kavutha