Chupa Iliyomshinda Mama Kwamboka

Jumanne, Kisii mjini

Chupa tatu! Wiki sita nimelea bakteria waliotoka kwenye sifongo wa baharini, na leo Mama Kwamboka, anayetuoshea vyombo hapa maabara, amezisugua mpaka zikang'aa.

"Zilikuwa zinateleza kama mrenda," akasema. "Nikajua zimeoza."

Ute huo ndio kazi yenyewe! Ni sukari ambayo bakteria hao hujitengenezea na kujifunika nayo, nasi tunataka kujua kama inaweza kuzuia vijidudu kushika kwenye kidonda. Nilimfokea, mtu wa umri wa mama yangu. Bado naona aibu.

Akaenda kuleta chupa ya nne.

"Hii imenishinda. Niliiinamisha, haikumwagika. Nikaiacha."

Nikaongeza spiriti baridi, ambayo huugandisha ute ukajitenga na maji. Nyuzi nyeupe zikapanda taratibu, nyingi kuliko nilizowahi kuona. Sote wawili tuliinama tukizitazama.

"Kumbe ni hii?"

"Ni hii, mama. Nisamehe."

Baba kule Kebirigo amekatazwa hata kijiko kimoja cha sukari kwenye chai, na kidonda cha mguu wake hakijafunga tangu mavuno. Najua dawa bado iko mbali, pengine mbali kuliko miaka yake. Lakini leo nimeziona hizo nyuzi.

Jambo moja sikumwambia Mama Kwamboka. Mwezi wangu wa kwanza hapa maabara, kila chupa iliyoteleza niliimwaga mwenyewe. Nilidhani imeoza.