Mchezo Niliokataa Kuuwasha

Dada yangu mpenzi,

Hatujambo. Goti la mama limepata nafuu, na paa la jikoni halivuji tena. Haya yanayofuata usimwambie mkiongea kwenye simu.

Unajua nafundisha kutengeneza michezo ya kompyuta chuoni. Kundi moja la wanafunzi wangu lilitengeneza mchezo wa kuwinda watu wenye ualbino. Ukimkamata mmoja unapata alama. Darasani yumo binti mwenye ualbino, anakaa mbele kabisa ili aone ubao. Niliwaambia waubadilishe. Mkuu wa chuo akanijia juu: “Mwalimu, huo ni mchezo tu! Wageni wanakuja Ijumaa kuitazama michezo, na huo ndio mzuri kuliko yote.”

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mkuu akaniamuru niuwashe. Nikasema, dada, “Siuwashi.” Akanisogeza kando, akauwasha mwenyewe. Picha zilipotokea ukutani, yule binti alisimama.

“Huyo anayewindwa ni mimi,” alisema, wala hakupaza sauti.

Kisha mwanafunzi aliyezichora picha zile akainuka, akachomoa waya.

Nimesimamishwa kazi. Jumatatu naitwa mbele ya kamati, na usingizi sipati. Lakini leo mchana binti na mchoraji wamekuja nyumbani kuniomba niwafundishe hapa hapa. Wanautengeneza mchezo upya. Ninapokuandikia wanabishana sebuleni, na binti ndiye anayepanga sheria.

Niombee.

Mdogo wako