Springi Uliyoichomelea Mang'ola

Kaka yangu,

Nimekasirika. Nakuambia mapema usije ukadhani nakuandikia kukulilia. Kulia nililia siku ya mazishi, kila mtu akiniambia ni mapenzi ya Mungu, nami nikiitikia kama mjinga. Mapenzi ya Mungu gani? Ilikuwa springi ya lori la vitunguu. Ilivunjika, ukaichomelea, ikakatika tena mlimani na lori likakulalia.

Na wewe ndiye uliyenifundisha! Unakumbuka gerejini kwako Karatu, nikiwa na sare ya shule, ulinipa kipande cha waya wa shaba ukaniambia nikikunje kisha nikinyooshe? Hakikunyooka. Pale nilipokunja palikuwa pamekuwa pagumu, kikapinda pembeni yake. Ukacheka sana. "Umeona? Kimekuwa kibishi kama wewe." Ukakitia kwenye makaa, kikalainika tena.

Hicho ndicho ninachosomea mpaka leo. Ndani ya chuma atomu zimejipanga mistari, na mistari hiyo ina mahali ilipokosewa. Chuma kinapopinda, yale makosa ndiyo yanayosogea. Yakisongamana yanazuiana, chuma kinakuwa kigumu. Yakikwama kabisa, msongo unarundikana hadi kinapasuka. Mimi naandika milinganyo yake, wewe ulikuwa unaijua kwa mkono.

Sasa kwa nini ulichomelea? Ulikuwa unawafukuza watu kwa hilo! "Springi haichomelewi, inabadilishwa," ulimfokea hata yule dereva wa watalii wa Ngorongoro, na gari lake la bei mbaya. Lakini mwenye lori alikuita Mang'ola, vitunguu vinaoza, spea hakuna, ukalegea. Halafu ile desturi yenu ya kijinga ninyi mafundi: aliyetengeneza apande safari ya kwanza, aonyeshe anaiamini kazi yake. Nani aliwaambia mwili wa mtu ni kipimo? Mwenye lori mwenyewe alitangulia na pikipiki! Msibani akaja na gunia la vitunguu. Nilimwambia arudi nalo, shangazi akanifinya.

Nina hasira na yule mzee mwenye lori. Nina hasira na wewe. Ila hapo nazunguka tu, na wewe unajua.

Ulinipigia. Mchana ule, lori likinguruma nyuma yako. "Mdogo wangu, nimechomelea springi. Hebu niambie kwa hesabu zako, itanifikisha Karatu?" Nikaona aibu kusema sijui. Hesabu zangu zilikuwa za chuma cha fuwele moja safi, kisicho na kosa hata moja wala kuguswa na moto, nikajitia msomi: "Kaka, hayo ni mambo mengine kabisa. Niko kazini, nitakupigia." Sikukupigia. Na jibu ulikuwa nalo mwenyewe, hata mimi nilikuwa nalo, tangu ule waya. Ulitaka tu mtu akukataze.

Sasa nimeingiza ule mchomeleo wako kwenye hesabu. Msimamizi wangu chuoni anasema ni kazi nzuri. Nimebadilisha mwinuko wa barabara, nimepunguza magunia hadi nusu. Kila mara inakatika palepale, pembeni ya ulipochomelea.

Basi ndiyo nakupigia, kaka, nimechelewa. Haifiki. Shuka.

Mdogo wako, yule mbishi