Hilo Tumeshalikabidhi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za wote ninaoshinda nao huku ghorofani juu ya duka la rangi. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba daktari amekuagiza ukae unapohubiri, nawe bado unasimama saa nzima kama mlingoti. Kaa, kaka. Sijasikia mtu aliyefungiwa mlango wa peponi kwa sababu mhubiri wake alikuwa kwenye kiti. Wanao wasalimie mmoja mmoja, na yule mdogo anayeniita Shangazi Vifungo umvute sikio kwa niaba yangu. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha niandike.

Barua yako nimeipata. Umesema sifa za karakana yangu zimekufikia huko, kwamba mafundi wangu thelathini na mmoja wanaanza kazi kwa sala, na kwamba dada yako asiyeonekana kanisani amegeuka taa ya watu. Umesema machozi yalikutoka. Umesema utakuja Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu utuhubirie habari za imani. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaenda kufunga mlango wa ofisi.

Kabla hujafunga begi, nisikilize. Wewe ndiwe uliyesomea mambo haya. Baba alisema nyumba yetu haina nguvu ya kusomesha wawili, ukapelekwa chuo cha uchungaji, nami nikapelekwa kwa shangazi kushona vifungo. Sikulaumu, ingawa kuna siku nakulaumu. Ninachosema ni kwamba nilijifunza hesabu kwenye kitambaa: roli moja inatoa mashati mangapi, ukilaza kiolezo vibaya unapoteza mikono mingapi. Hakuna aliyenifundisha kusali. Sala yangu ilianza kama njia ya kubana muda.

Ilikuwa hivi. Mkataji wetu, mama mtu mzima tunayemwita Bibi Mkasi, ndiye aliyekuwa akiomba kila asubuhi kabla ya cherehani kuwashwa. Ana moyo safi, lakini hana breki. Anaanza na kuumbwa kwa mbingu, anapita kwa manabii, akifika kwenye mvua ya jana, nusu saa imekwisha na sare za shule hazijaguswa. Halafu sala ikiisha ndipo vita vinaanza. Huyu anasema kola si zake, yule anasema jana alishona pindo mpaka vidole vikafa ganzi, leo apewe mifuko. Yupo mmoja wa mashine ya matundu ya vifungo, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, yeye alikuwa anawachochea pande zote mbili kwa furaha tu.

Basi asubuhi moja nikasema leo naomba mimi. Nilipanda kwenye stuli ya kukatia, wakainamisha vichwa, na kwa kuwa sikujua maneno ya sala nikasema niliyokuwa nayo kichwani, yaani kazi ya siku. Nikamwambia Mwenyezi kwamba tunamkabidhi kola mia na ishirini, zitakazoshonwa na mja wake wa mashine ya tatu, na amkumbushe kwamba jana kumi na moja zilirudi kwa kupinda. Nikamkabidhi pindo za sketi, nikataja ni za nani. Nikamwomba awape wenye ovaloki, zile mashine za kufunga kingo za kitambaa, subira ya kubadili uzi kabla haujakatika badala ya baada. Nikanyamaza. Wote wakasema amina. Dakika nne, kaka. Na hakuna aliyebishana, maana mtu atabishaje na jambo aliloliitikia amina kwa sauti yake mwenyewe?

Wa kanisani waliitikia, wa msikitini waliitikia, kwa sababu sikuweka neno la kumkwaza mtu. Redio alikuja ofisini akaniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kusikia sala yenye vipimo, na kuanzia siku hiyo jina langu likawa Mama Futi. Nikaona nimepata mafuta ya mashine. Kwangu dini ilikuwa hicho tu: kitu unachotia mahali panaposagana ili pasisagane.

Sasa uone mtu anavyojifunga kamba mwenyewe. Mwenye pasi, mama mmoja mpole sana, mumewe alianza kupoteza macho. Akanijia akaniomba nimtaje. Mimi nikamtaja kwa namna yangu: nikasema mume wa dada yetu ana miadi ya kliniki Jumanne, dawa ni tone moja asubuhi na moja jioni, na anahitaji mtu wa kumshika mkono kuvuka barabara kubwa. Wakajitokeza watatu. Wakapeana zamu mpaka akaona tena. Mimi najua kilichomponya ni matone na kwenda kliniki kila siku aliyopangiwa. Wao walijua vingine. Tangu hapo kila asubuhi wananipa vijikaratasi kwenye ngazi: mtoto anakojoa kitandani, mwenye nyumba ana kelele, mama mkwe amehamia. Nami nataja, na nikitaja nagawa kazi, na kazi ikigawanywa mambo mengi yanatengemaa. Wanasema sala za Mama Futi hazirudi bure. Hazirudi kwa sababu huwa naomba jambo ambalo nimeshalipanga! Kuna usiku nilijilaza nikicheka peke yangu. Siku hizi sicheki.

Mnunuzi wetu mkubwa aliniita kwake. Unajua sare tunazoshona karibu zote huchukuliwa na yeye, wanunuzi wengine ni wa kubahatisha. Alinikalisha kwenye kiti laini, na kile kiti kilinitisha kabla hajasema neno, kwa sababu siku zote tulikuwa tunazungumza tumesimama mlangoni pa ghala. Akanieleza kwamba sasa ataagiza sare zilizoshonwa tayari, zinakuja kwa makontena, na kwamba mwisho wa mwezi huu oda yangu inakoma. Hakuwa na ubaya. Alinisindikiza hadi getini. Nilirudi kwa miguu nikipiga hesabu njia nzima, na kila nilivyoipiga ilinipa jibu lilelile: bila yeye ninaweza kubaki na mafundi wanne, labda watano. Ishirini na sita waende, na wakiambiwa mapema watapata pa kwenda, kwa sababu mikono yao ni mizuri na viwanda vinavyotafuta mafundi vipo, ila si vyote kwa siku moja.

Kwa hiyo niliamua kuwaambia kesho yake. Na hapa ndipo nilipokosea, kosa ambalo hata wewe mwenye chuo nadhani hukulisomea. Karakana haina saa nyingine ya utulivu. Cherehani zikiwaka husikii hata jina lako, zikizimwa Redio anawaka. Saa pekee ambayo watu thelathini na mmoja wananisikiliza kwa pamoja ni ile nikiwa kwenye stuli. Basi baada ya kukabidhi kola na mifuko, nikasema kwa sauti ileile kwamba mnunuzi wetu ametuacha, kwamba mwisho wa mwezi karakana hii itafungwa kwa wengi wetu, na kwamba kila mmoja anapaswa kuanza kutafuta riziki kwingine.

Wakasema amina. Kaka, sijawahi kusikia amina kama ile. Vioo vilitetemeka. Bibi Mkasi akanishusha kwenye stuli kwa mikono yake, akanikumbatia, akaniambia nimefanya vyema kulipeleka kwa mwenyewe badala ya kulibeba peke yangu. Kisha wakawasha mashine, wakashona siku ile kuliko siku zote.

Mwanzoni nilidhani ni mshtuko. Baadaye nikaelewa. Nilikuwa nimewapa habari, wao wakapokea ombi. Kwao kila kilichotajwa pale juu kinakuwa kimeshawekwa mikononi mwa mtu mkubwa, na mikono ile haijawahi kuwaangusha, maana ilikuwa yangu nao hawakujua. Wakaanza kufunga kula mchana. Wa msikitini wakaomba dua kwao, wa kanisani wakapeleka kwao, na nadhani ndivyo sifa zangu zilivyokufikia wewe.

Sikukaa kimya. Nilizima umeme wa karakana nzima saa sita mchana nikawaeleza kwa maneno makavu, macho kwa macho, kwamba ile haikuwa dua, ilikuwa taarifa. Redio akajibu kwamba hilo tumeshalikabidhi, Mama Futi, mbona unalirudia kana kwamba Mungu ni kiziwi? Watu wakaangua kicheko, na umeme ukarudishwa na mtu, hata sijui nani. Nilimwita Bibi Mkasi ofisini peke yake. Nikamwambia wazi kwamba mimi siamini. Nikamwambia tangu utoto, baba alipokuwa akitupigisha magoti, nilikuwa nahesabu vigae, na kwamba pale juu ya stuli sijawahi kuhisi kuna anayenisikia zaidi yao. Nilitegemea alie, au anitukane, au awaambie wenzake. Akakunja futikamba yake taratibu akaniambia, mwanangu, hilo tunalijua siku nyingi, lakini nani amekuuliza unaamini nini? Kuamini ni kazi yetu. Wewe taja tu.

Nilitoka pale sina mlango mwingine wa kujaribu. Mwizi akikiri anafungwa na habari zake zinaisha. Mimi nimekiri nikarudishwa kazini.

Wiki iliyopita yule mama wa pasi aliitwa na dobi mmoja mkubwa, kazi ya kudumu, karibu na kwake. Alikataa. Nilipomuuliza kwa ukali ana akili gani, akaniambia, kwa upole wake uleule, kwamba akienda ataonekana amemtilia Mungu shaka, na wenzake watavunjika moyo. Dobi ameshachukua mtu mwingine. Na mama wa pasi ana mume ambaye macho yake bado yanahitaji matone kila siku. Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikosea tangu mwanzo niliposema ni mafuta ya mashine. Kwao ni mahali pa kutua mzigo. Mtu akitua mzigo ananyooka, anapumua, anamwona jirani yake na mzigo wa jirani yake, na hilo nimeliona kwa macho yangu sitalikana. Lakini mzigo mwingine ukiutua hujui tena kwamba unakusubiri pale pale, na hakuna atakayeubeba badala yako.

Nilitaka kuishia hapo, nikuombe uje uwahubirie kwamba Mungu anawataka watafute kazi, wakusikie wewe mwenye kanzu, basi. Nilishaandika hivyo kwenye karatasi nyingine nikaichana. Kuna jambo limebaki na sijamwambia mtu.

Alikuja mtu wa kununua mashine. Alizipitia zote, akazijaribu moja moja, akataja bei ya haki kabisa. Kwa bei ile ningempa kila fundi mshahara wa miezi mitatu mkononi na kubaki na cherehani tano za kuanzia upya. Ni hesabu ambayo hata mwanao mkorofi angeifanya. Akanipa mpaka Ijumaa jioni nimpigie. Ijumaa nilikaa ofisini na simu mezani. Nje ya mlango nilisikia wakicheka, wakishona oda ya mwisho kana kwamba ipo nyingine nyuma yake. Sikupiga. Sikuwa nimesahau, wala sikuwa nasubiri bei nyingine. Nilikaa tu nikitazama simu, na ukiniuliza nilikuwa nasubiri nini, nitakujibu kwa aibu kwamba nilikuwa nasubiri kama wao. Mimi, ninayepima kitambaa mara tatu kabla ya kukata. Jumamosi nilipompigia, alikuwa ameshanunua kwingine.

Sijui hilo mnaliitaje chuoni kwenu. Kama ndiyo imani, basi imenijia siku moja tu katika maisha yangu, na siku hiyo imewanyang'anya watu thelathini na mmoja miezi mitatu ya chakula.

Hawajui. Lazima wajue, na mimi ndiye wa kuwaambia, ila nimejaribu asubuhi mbili na sikuweza. Si kwamba naogopa. Ni kwamba nikiweka tu mguu kwenye stuli, wanafumba macho kabla sijafumbua mdomo. Kwa hiyo njoo, kaka, lakini usisubiri mwisho wa mwezi. Njoo Jumatatu hii, saa moja na nusu asubuhi. Usihubiri chochote. Simama mbele yao, na kanzu uivae maana wataiheshimu, uwaambie leo hakuna sala, wafumbue macho wanitazame. Wakishanitazama nitasema mwenyewe habari za mashine, na mengine nitayapokea, hata matusi. Nadhani yatanipa nafuu.

Wifi mwambie kile kitambaa cha mapazia nimekipata, nitakupa urudi nacho. Usisahau dawa za mgongo. Ngazi zetu ni ndefu. Wote nyumbani nawatakia afya, na mama mzee wa jirani yenu ukimwona mwambie bado namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Shangazi Vifungo