Mlango wa Chura

Kibandani kwangu,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo unaendeleaje? Na yule bosi wako mwenye kikohozi, amepona au bado anawakoholea tu? Sisi huku wazima. Mimi nasema na viatu vya watu, wifi yako anasema na mimi. Mwanao, Kasuku wetu, ametimiza miaka mitatu kwa kishindo na sasa anarudia kila neno analolisikia, hata yale ninayowaambia misumari.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Unasema mwalimu wa chekechea amekuandikia kwamba mtoto hatofautishi nyekundu na kijani, nawe unataka kuvunja mkataba, imebaki miezi mitano tu, uje umpeleke kwa daktari wa macho. Dada, ngoja. Keti kwanza.

Kile kitabu ulichotuma, cha kurasa ngumu za kadibodi na vilango vya kufunua, tunakisoma kila siku nikishafunga kibanda. Kasuku anafunua, mnyama anachomoza, naye anapiga ukelele kama hawajawahi kuonana. Kilango cha chura kiling'oka mwezi wa kwanza, nikakishona upya kwa kipande cha ngozi. Sasa chura ana mlango imara kuliko wetu.

Kazi yangu ilikuwa kutaja rangi. Hapo ndipo nilipokuharibia mtoto.

Nakwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nyekundu na kijani, kwangu mimi, ni kitu kimoja, tangu utotoni. Makopo yangu ya rangi ya viatu nayajua kwa mahali yanapokaa, na ole wake atakayeyasogeza. Basi kwenye kitabu nikatumia akili. Chura ni wa kijani, nikasema mlango wake ni wa kijani. Jogoo ana kishungi chekundu, nikasema wake ni mwekundu. Kumbe mchoraji, mtu asiye na huruma, alizipaka kinyume. Mtoto akameza yote. Mwalimu alipomtuma mpira mwekundu akapeleka wa kijani, na alipokosolewa akaja juu: "Mjomba kasema!"

Ijumaa tulimpeleka kliniki ya macho, mimi na wifi yako. Muuguzi akatoa picha za madoadoa ya rangi yanayoficha maumbo, Kasuku akayafuata kwa kidole: bata, mashua, nyota. Hakukosa hata moja. Mimi nilikuwa nachungulia nyuma yake.

"Na wewe mzee, unaona nini?" muuguzi akaniuliza.

"Madoa."

"Bata, Mjomba! Bata huyo!" Kasuku akanishika kidole, akanipitisha taratibu mgongoni kwa bata nisiyemwona.

Muuguzi akaandika kwamba mtoto ni mzima, kisha akavuta karatasi nyingine na kuniuliza jina langu. Wifi yako alicheka mpaka akashikilia mlango. "Miaka kumi na tisa! Kumbe lile gauni langu ulilolisifia..." Nimemwomba hilo gauni tuliache.

Sasa tumebadilishana kazi. Wifi yako amemfundisha rangi upya, na Kasuku ndiye anayeshika kitabu na kuuliza. Nikikosea ananipapasa shavu: "Pole, Mjomba. Tena." Jana alikaa kibandani akinionyesha makopo. Mteja akauliza huyu ni nani, Kasuku akajijibia mwenyewe: "Fundi." Sikubisha.

Kwa hiyo usivunje mkataba kwa ajili ya macho yangu. Maliza miezi yako, urudi kichwa juu. Nisamehe kwa hofu niliyokutia. Ilinipasa kusema ukweli tangu ukurasa wa kwanza, ila mtoto alikuwa ananitazama kama mtu anayejua.

Wifi yako anakusalimu sana, na fundi saa wa jirani pia, ambaye bado anachelewa kila asubuhi. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe mikononi mwa huyu anayekungoja.

Wako akupendaye,
Kaka yako

N.B. Kabla ya kuandika niliweka kalamu mbili mezani, moja ya kijani na moja nyekundu, nikamwambia Kasuku anipe ya kijani. Sijamwuliza mtu kama alipatia. Tazama wino mwenyewe.