Pindo la Kanga Mdomoni

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako hainifikii tena, lakini ulinilea nisitamke neno mbele yako kabla ya salamu.

Jino langu la mbele lilinisumbua kwa miezi, lile lile ulilong'olewa wewe kule Turiani ukiwa msichana. Ulikuwa ukisema, "Dawa ya jino bovu ni kung'oa," na tangu ulipong'oa ukawa unacheka huku umeziba mdomo kwa pindo la kanga. Sikuwahi kuona kicheko chako kizima. Mimi nilikataa kung'oa. Daktari alinipasua ufizi, akakata ncha ya mzizi iliyokuwa na usaha, akashona. Jino likabaki, ila akasema hana hakika kama litashika.

Habari za kuuguza mdomo hazina utamu. Shavu lilivimba, nikalala nimeegemea mito. Niliagizwa nile vya baridi tu. Lakini mdogo wako, mama mdogo Mwanahawa, alikuja kwangu Mafiga na sheria zake: aliyepitiwa na kisu hutunzwa kama mzazi aliyetoka kujifungua. Akanipikia uji wa pilipili manga, wa moto, akachemsha na maji ya kunikanda. Nikaunywa kwa adabu. Damu ikaanza upya.

"Jamani," akasema, "mbona wazazi wote niliowapa wamepona?"

Nikacheka, pakauma, nikaziba mdomo kwa kanga.

Basi ikawa ndiyo desturi. Nyuzi zilitolewa, uvimbe ukaisha, nikarudi kula ugali kwa upande mmoja, na bado mkono ulipanda wenyewe, sokoni, kazini, hata nikiwa peke yangu. Hilo liliniogopesha kuliko kisu.

Juzi daktari alipiga picha, akasema mfupa unajaa pale alipokata na jino limeshika. Nikapita Mwembesongo kumweleza mama mdogo.

"Sasa nikupikie uji wa moto?"

Nikacheka, mkono ukapanda. Akaushika, akaushusha mapajani mwangu.

"Acha. Dada yangu nilimwacha azibe mpaka tukamzika. Wewe nataka nikuone."

Alinitazama mpaka nikamaliza kucheka. Kisha akasema hivyo ndivyo ulivyokuwa ukicheka kabla hujang'olewa.

Nimekukumbuka sana, mama. Nilipofika nyumbani nilisimama mbele ya kioo, nikacheka tena, ili na mimi nikuone.

Pumzika salama.

Ni mimi,
kitindamimba wako